Maiti Kwenye Maji ya Kunywa

Maji yalikatika Inspekta akiwa na sabuni uso mzima.

Alipapasa koki, akaikaza, akailegeza, akaipiga kofi. Bomba likakohoa mara moja, likanyamaza. Mume wake alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, akacheka mpaka povu likamtoka.

"Jana nilikwambia jaza ndoo. Ukaniambia mimi mwoga."

"Lete taulo, acha maneno."

Alijifuta kwa taulo kavu. Sabuni ikatoka ilipotaka, ikabaki ilipotaka. Alikuwa anafunga kamba za kiatu cha pili simu ilipoita. Alikuwa Koplo wake.

"Afande, kuna mtu bwawani, amekufa. Wafanya mazoezi wamemwona sasa hivi. Bado wanapiga mayowe, sikiliza mwenyewe."

Akasikiliza. Kweli, walikuwa wanayapiga, na hayakuwa ya mchezo.

Bwawa lile lilikuwa la watu wote. Wazazi wa mji ndio waliolichimba, jembe kwa jembe, na mji mzima ulikunywa humo. Upande mmoja palikuwa na ukuta mrefu wa zege, na chini ya ukuta, kwa nyuma, mtambo wa kuchuja maji. Upande wa pili palikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri, mabenchi, bembea, na vimashua vya pedali vilivyopakwa rangi za peremende. Waogeleaji walitengewa kipande chao kilichozungushiwa maboya. Siku za mapumziko hapakuwa na pa kuweka mguu. Na asubuhi hiyo, ingawa ilikuwa siku ya kazi, hapakuwa na pa kuweka mguu vilevile. Watu bwana! Habari ya maiti haihitaji tangazo.

Marehemu alikuwa amelazwa kwenye turubai. Alikuwa meneja wa bwawa, mtu aliyejulikana kwa jina la Bosi Miwani, kwa sababu miwani yake ya jua hakuivua hata ofisini. Sasa hakuwa nayo. Vipande vya miwani hiyo viliokotwa juu ya ukuta, karibu na tone la damu lililokauka kwenye reli.

Daktari wa polisi alikuwa amechuchumaa, glovu mikononi.

"Kapigwa kisogoni," alisema. "Mara moja tu, ikatosha."

"Kwa kitu gani?"

"Chuma kizito chenye pembe. Ona kidonda, kona zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Mapafu nitayaangalia mochari, lakini nakwambia huyu hakunywa maji. Aliangukia humo ameshakwenda."

"Lini?"

"Alfajiri hii hii."

Inspekta alitazama maji. Yalikuwa yametulia, kijani, mazuri ya kupiga picha. Akaagiza mpiga mbizi aitwe atafute silaha na simu ya marehemu chini ya ukuta. Kampuni ya simu ilikuwa imeshasema kumbukumbu za mazungumzo yake zitapatikana kesho kutwa, kama kawaida yao.

"Afande," Koplo alinong'ona, "una sabuni nyuma ya sikio."

"Najua."

"Imekauka. Inang'aa."

"Koplo!"

"Basi, Afande. Nimenyamaza."

Hakunyamaza. Koplo yule, mdomo wake ulikuwa haujui likizo. Kabla ya chai alikuwa ameshaokota mtuhumiwa. Kwenye ngazi za ukuta walikuta taulo na kandambili, na kila mtu alizijua. Zilikuwa za mkodishaji wa vimashua, aliyeitwa Nahodha, ingawa vyombo vyake havijawahi kuvuka maboya. Jana yake, mbele ya umati, Nahodha na Bosi Miwani walikuwa wametukanana matusi ya nguoni. Bosi alitaka vimashua viondoke. Nahodha alimwambia, "Utaondoka wewe kwanza." Maneno gani hayo ya kumwambia mtu ambaye kesho yake anakutwa anaelea?

Walimkamata nyumbani, ng'ambo ya bwawa, akiwa amembeba mtoto mchanga. Miguu yake ilikuwa na tope lililokauka, nywele zina majani ya bwawani. Mke wake aliwafuata mpaka kituoni kwa miguu, akakaa kwenye benchi la kaunta na kile kichanga, akakataa kuondoka.

Kabla ya kwenda kumhoji, Inspekta aliteremka kwenye mtambo.

Msimamizi wake alikuwa Mama Bomba. Mji mzima ulimwita hivyo, na yeye aliitika. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, ovaroli yake imepigwa pasi. Ndani ya mtambo mabomba yalipakwa buluu, sakafu ilikuwa safi kiasi cha kulia chakula juu yake, na ukutani zana zilining'inia kwa mpangilio, ndogo mpaka kubwa, zote nyeusi kwa grisi. Juu ya simu ya mezani palikuwa na picha ya msichana anayecheka, nywele zimelowa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Maji ya kunywa sina, ila ya kwenye birika yapo, ya jana."

"Mji unalia, Mama. Utafungua lini?"

"Nilifunga valvu ya mji niliposikia mayowe. Hata mbwa akifa humo nafunga, sembuse mtu. Nitafungua mlango wa matope, nitoe maji ya chini yote, nipime, nitie dawa, nipime tena. Waambie wavumilie."

Inspekta alijua mlango wa matope. Ulikuwa mlango wa chuma chini kabisa ya ukuta, wa kumwagia tope nje. Ukifunguliwa, maji ya upande ule huvutwa chini kwa nguvu ya ajabu. Mtambo haukuwa na dirisha la kuona bwawa, kwa hiyo sheria ilikuwa moja: meneja apande ukutani, atazame maji, kisha apige simu kwamba hakuna mtu. Hapo ndipo mlango hufunguliwa.

Alitupia jicho ile picha. Kila mtu alikijua kisa chake pia. Miaka mitatu nyuma Mama Bomba aliufungua mlango binti yake akiwa majini. Bosi Miwani alikula kiapo mbele ya tume kwamba alitazama, maji yalikuwa matupu. Binti akaonekana ndiye aliyevuka maboya, akaruka baadaye kwa ukaidi wake. Tume ikaandika ajali, ikatoa pole.

"Pole, Mama. Siku kama hii inakumbusha mengi."

"Ahsante. Alikuwa mtoto msikivu sana."

Inspekta akaaga. Kitu fulani kilimkereketa pale ngazini, asijue ni nini. Akadhani ni sabuni.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na feni isiyofanya kazi. Nahodha alikuwa ameshakaa, nywele bado zina majani.

"Uliingia majini leo?"

"Ndiyo, Afande."

"Ndani ya maboya?"

"Hapana. Upande wa ukuta."

"Kuna ruhusa?"

"Hakuna. Lakini huko ndiko maji yana kina. Huogelea kila alfajiri, navuka mpaka ng'ambo, natokea nyumbani. Taulo na kandambili huzifuata baadaye."

"Ulimwona Bosi Miwani?"

"Kichwa kikiwa majini unaona nini? Sikumwona mtu."

"Jana ulimwambia ataondoka yeye kwanza."

"Hasira, Afande! Mke kajifungua juzi, mtu anakwambia toa vyombo vyako. Ungesema nini wewe?"

"Nisingemuua."

"Hata mimi sikumuua!" Akainua kidole juu. "Wallahi sikumuua."

Koplo akainama mezani. "Kama ulikwenda kuogelea tu, mbona tumekukuta na tope mpaka magotini? Mtu akitoka kuogelea si anaoga?"

"Nilitaka kuoga. Nimefungua bomba, halitoi hata tone. Nikamwambia mke wangu, haya, leo tena! Nikajifuta na kanga, nikambeba mtoto. Ndipo tukasikia kelele za huko bwawani. Mimi nikadhani vijana wanafanya fujo."

Inspekta alikuwa anajikuna nyuma ya sikio. Mkono ukasimama hapo hapo.

"Rudia hilo."

"Lipi, Afande?"

"Kelele na bomba. Kipi kilianza?"

"Bomba. Bomba lilikuwa limeshakauka kitambo. Muulize mke wangu, yupo hapo nje."

Inspekta hakumuuliza mtu. Aliangalia kidole chake. Kilikuwa na unga mweupe wa sabuni. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga bomba kofi, akabishana na mume, akajifuta, akavaa nguo, akavaa kiatu, ndipo simu ikaita, na wafanya mazoezi walikuwa *wamemwona sasa hivi*.

Hakufurahi hata kidogo.

Mkuu wa kituo alimkuta kwenye korido. Alikuwa mtu wa haraka, kitambaa cha jasho mkononi.

"Umemaliza? Mwandikie mashtaka kabla ya jioni. Umesikia huko nje? Raia wana madumu matupu na wamekasirika. Wanataka mtu."

"Nipe muda kidogo, Mkuu."

"Muda wa nini? Kandambili zake, ugomvi wake, tope lake! Mauaji hayana dhamana, akae ndani, mahakama itajua."

"Na kama si yeye?"

"Basi mahakama itajua hilo pia."

Pale kaunta mke wa Nahodha aliinua macho. Alikuwa amesikia kila kitu. Mtoto akaanza kulia, naye akambembeleza huku anamtazama Inspekta. Inspekta alipita haraka, maana macho yale yalikuwa mazito kuliko maneno ya Mkuu.

Nje ya mtambo walimkuta msaidizi wa Mama Bomba, jamaa aliyeitwa Kipara, anafagia.

"Ulipofika kazini leo, valvu ya mji ilikuwaje?"

"Imefungwa."

"Hukuuliza kwa nini?"

"Nimuulize Mama? Mama akifunga, amefunga."

"Mayowe yalikuwa yameanza?"

Kipara akafikiri. "Hapana. Niliyasikia nikiwa navaa ovaroli. Kwani vipi?"

Koplo akatoa daftari, akaliandika jibu hilo.

Mama Bomba alikuwa ndani, anapanga chupa za vipimo. Inspekta hakukaa. Alitembea mpaka kwenye zana. Kila moja ilikuwa nyeusi kwa grisi, isipokuwa ile ya mwisho, kubwa kuliko zote: ufunguo wa mlango wa matope, fimbo ya chuma yenye mdomo wa pembe nne. Ulikuwa umeoshwa, ukasuguliwa, unameta.

"Mama, valvu ya mji ulifunga saa ngapi?"

"Nimeshakwambia, mwanangu. Niliposikia mayowe."

"Mayowe yalinikuta nimeshavaa viatu. Maji yalinikatikia nikiwa na sabuni usoni." Akageuza kichwa, akashika sikio. "Tazama. Nimeshinda nayo."

Mama Bomba alitazama. Kisha akachukua kitambaa safi, akakilowesha kwa maji ya birika, akaja, akamfuta Inspekta nyuma ya sikio, taratibu, kama anavyofutwa mtoto anayekwenda shule. Koplo alikohoa. Hakuna aliyemjali.

"Ngozi ingechubuka," Mama Bomba alisema. Akakaa kitini. "Basi. Uliza."

"Ulimpiga kwa ufunguo ule?"

"Ndiyo."

"Juu ya ukuta?"

"Juu ya ukuta. Akaanguka upande wa maji."

"Kisha ukashuka kufunga valvu."

"Nilikimbia. Na mwili huu wangu, nilikimbia."

"Mama, usingefunga nisingekujua. Tungemtafuta mwingine mpaka tuchoke."

"Ningewaacha watu wanywe?" Mama Bomba alimkodolea macho, kwa hasira kabisa. "Watoto wanywe maji yenye maiti, mimi nimekaa hapa najua? Hapana, mwanangu. Kuua nimeua. Hilo la kuwanywesha watu uchafu siliwezi."

Inspekta akavuta kiti, akakaa mbele yake. Magoti yao yalikaribia kugusana.

"Kwa nini umemuua?"

Mama Bomba aliangalia picha.

"Leo ilikuwa siku ya kutoa tope. Nilipanda ukutani na chupa kuchota maji ya kupima, ufunguo begani, ili nikishuka niende moja kwa moja kwenye mlango. Simu yangu ya mkononi ikaita. Ni yeye. Akaniambia, 'Mama Bomba, fungua. Nimetazama, hakuna mtu majini.' Maneno yale yale, mwanangu. Neno kwa neno, kama ya siku ile."

"Na palikuwa na mtu?"

"Nahodha huyo hapo chini yangu, anapiga mbizi kama bata! Mimi ndiye niliyekuwa ukutani, yeye hayupo. Nikageuka kutazama ofisini kwake. Pazia limefungwa. Nikasubiri mpaka Nahodha amekwenda zake mbali, ndipo nikampigia, nikamwambia njoo. Akaja, miwani usoni, kikombe mkononi. Nikamuuliza, 'Umetazama maji kweli?' Akasema ametazama. Nikamwambia palikuwa na mtu. Akacheka."

"Akacheka?"

"Akasema, 'Aa, Mama Bomba, alfajiri hii nani wa kuogelea? Mimi huwa napiga tu simu.'" Akaibana mikono katikati ya magoti. "Huwa! Nikamuuliza, 'Na siku ya mwanangu?' Akasema yaliyopita tuyaache. Akanigeuzia mgongo, anaondoka, anakunywa chai yake."

Nje, fagio la Kipara lilikuwa limeacha kusikika.

"Miaka mitatu, mwanangu. Miaka mitatu nimemkasirikia mtoto wangu. Nilikuwa nakwenda kaburini kumgombeza. Nakaa pale namwambia, mkaidi we, nilikwambia usivuke maboya, kwa nini uliruka, kwa nini umenifanya nikuue kwa mkono wangu? Watu wakimtaja nasema, yule mkaidi. Kumbe alikuwa humo tangu mwanzo. Hakuruka. Alikuwa anaogelea tu, na hakuna aliyemtazama."

Hapo ndipo Inspekta alipoelewa kilichomkereketa ngazini. Mtoto msikivu sana. Mji mzima ulikuwa umezoea kumsikia Mama Bomba akimlaumu marehemu mwanawe, na leo, leo tu, alikuwa amemsifu.

"Na Nahodha?" aliuliza. "Mkuu anamwandikia mashtaka. Mke wake yuko kaunta na kichanga. Ungemwacha?"

"Nimemwokoa asubuhi, nimuue jioni? Nilikuwa nasubiri nisafishe maji. Kipara kupima bado hajui vizuri. Ningefungua mji, ningevua ovaroli, ningekuja kituoni mwenyewe. Niamini au usiniamini."

Inspekta alimwamini. Lakini kuamini si kazi aliyoajiriwa nayo. Akasimama, akatoa pingu, akamsomea haki zake zote, polepole, bila kuruka neno. Koplo aliufunga ufunguo kwenye mfuko wa vielelezo, akampigia simu Mkuu wa kituo. Sauti ya Mkuu ilisikika mpaka huku, inauliza *nani? nani?* Kisha Koplo akasema, "Ndiyo, Mkuu. Yeye. Nahodha aende nyumbani kwake."

Walitoka naye. Kwenye ngazi Mama Bomba alisimama.

"Toa tope kwanza," alimwambia Kipara. "Ufunguo wa akiba uko nyuma ya mlango. Ukimaliza chota chupa tatu, usiguse mdomo wa chupa. Mtaalamu wa mji wa jirani ataitwa apime. Usifungue mji mpaka aseme."

"Sawa, Mama." Machozi yalikuwa yanamshuka Kipara mpaka kidevuni. Akachukua ule ufunguo wa akiba, akaubeba begani, akamgeukia Inspekta kwa sababu hapakuwa tena na meneja wa kumgeukia. "Afande, nifungue? Hakuna mtu majini."

"Umetazama?"

Kipara akababaika. "Si watu wote mmewafukuza? Utepe wenu umezunguka bwawa zima. Nani atakuwa humo?"

"Nimekuuliza, umetazama?"

"Hapana, Afande."

"Panda."

Akapanda. Walimsikia akitweta, viatu vyake vizito vikigonga zege. Mama Bomba alikuwa ameinua uso, mikono yenye pingu ameikumbatia tumboni, hata kupumua hapumui. Kisha sauti ya Kipara ikawajia kutoka juu, kali, imepasuka kwa hofu.

"Kuna mtu! Afande, kuna mtu! Mpiga mbizi wenu bado yumo!"

Koplo alijishika kichwa. Ni yeye aliyepaswa kumwambia atoke.

Inspekta aligeuka kumshika Mama Bomba mkono, lakini Mama Bomba alikuwa ameshakaa chini, pale pale kwenye ngazi.

"Mwanangu," alikuwa anasema, na hakuwa anamwambia Inspekta. "Nisamehe, mwanangu. Hukuwa mkaidi."

Hakuna aliyemharakisha. Walisubiri hapo mpaka mpiga mbizi akatoka majini.